Kutoka kikosi cha mapambano hadi meza ya utumishi katika jeshi la Marekani: naomba ushauri

Mwana_wa_Kisauni:

Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na sajenti katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Nimetumikia miaka 11 katika askari wa miguu, kwanza Fort Drum, New York, ambako tulifanya luteka theluji ikiwa imetufika magotini, kisha Fort Campbell, Kentucky, na katikati nikapelekwa Afghanistan. Mwaka jana goti langu lilikataa kubeba mzigo, nikabadilishiwa fani, nikasomea ukarani Fort Jackson, South Carolina, na sasa nimo katika ofisi ya utumishi ya brigedi moja humu humu Marekani.

Kazi ni likizo, vyeo, nishani, uhamisho na kumbukumbu za askari, ambazo sehemu kubwa hupitia IPPS-A, mfumo wa kompyuta wa jeshi wa utumishi na mishahara. Siyo kwamba sijaielewa. Kikosini nilikuwa na vijana wanane, na nilimjua asiyelala vizuri kwa kumtazama tu anavyofunga kamba za buti. Hapa, ikifika saa 11 jioni, kila mtu huchukua funguo za gari akaenda kwake. Wiki iliyopita kapteni mmoja alinirudishia ripoti ya tathmini mara tatu kwa sababu ya maneno machache, nikatoka nikakaa garini nusu saa bila kuwasha injini. Mke wangu anasema nyumbani ninatoa amri badala ya kuzungumza. Naona haya kulalamika, kwa kuwa sasa ninalala na familia yangu kila usiku, lakini ninajihisi nimewatoroka wenzangu.

Waliopita njia hii walifanyaje? Niombe kurudi kikosini, au nivumilie miaka 9 iliyobaki ili nifikishe 20 ya pensheni?

Bahari_Kuu:

Kaka, pole, na hongera kwa kulisema. Mimi nilitoka mizingani nikakaa kwenye meza kama hiyo miaka minne, na kilichonibadilisha ni fomu ya DD 93, ambamo askari huandika nani apewe taarifa endapo atafariki au kujeruhiwa. Kikosini sote tuliisaini tukiwa kwenye foleni, bila kuisoma. Siku moja nikaishika ya kijana aliyekuwa anasafiri wiki hiyo hiyo: nambari ya mama yake, aliyekuwa nchi nyingine, ilipungua tarakimu moja, na jina la mkewe halikuwemo kabisa, kwa kuwa alioa baada ya kusaini. Nikamwita, tukaketi, tukaipiga ile nambari iliyosahihishwa hadi mama mwenyewe akapokea.

Iangalie pia SGLI, bima ya maisha ya askari, ambayo kiwango chake cha juu kilipandishwa kutoka dola 400,000 hadi 500,000 mwezi Machi 2023. Jina la mtalaka likibaki pale, fedha humwendea yeye, hata kama askari ameshaoa tena na kupata watoto. Wewe uliyekuwa ukikagua maji, risasi na redio za vijana wako kabla ya doria unajua kwa nini mtu hukagua mara mbili. Hao wa brigedi ni vijana wako pia, ila sasa ni wengi zaidi na huwaoni nyuso.

Mama_Tanga:

Shemeji, nazungumza kama mke wa askari. Mume wangu alipohamishiwa ofisini alianza kupanga viatu vya watoto mlangoni na kuvikagua kila jioni, na mdogo wetu akawa anajificha akisikia gari. Tulikwenda kwa kasisi wa kikosi, ambaye mazungumzo naye ni ya siri, na hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akitaja majina ya wenzake. Nusu saa ile ya garini usimfiche mkeo. Ikikuzidia usiku, piga 988 kisha ubonyeze 1. Ni laini ya wanajeshi na waliostaafu.

Mzee_wa_Kambi:

Kurudi na goti hilo sikubaliani nako hata kidogo, kwa sababu watakaobeba mzigo wako ni hao hao vijana unaowapenda. Kuhusu kapteni, mvumilie: wanaokaa kuamua nani apande cheo aghalabu hawajawahi kumwona askari mwenyewe, wanachokiona ni ile karatasi, na sentensi iliyolegea humchelewesha mtu mwaka mzima.

Mwana_wa_Kisauni:

Nawashukuru kwa dhati. Leo nimepitia DD 93 za kombania inayosafiri mwezi ujao, na katika 40 za kwanza nimekuta tatu ambazo wahusika wamekiri kuwa nambari walizoandika hazitumiki tena. Mmoja wao ni kijana kutoka Goma ambaye hakuwa na mtu wa kumwandika ila shangazi yake; tulizungumza Kiswahili karibu saa nzima, na kesho anarudi na nambari sahihi. Mama Tanga, jioni hii nimemweleza mke wangu habari ya garini. Kuhusu goti, namwona daktari Jumanne.