Naomba ushauri: wanafunzi wanataja toni na taswira, lakini hawazichambui

Walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanaweza kukariri fasili ya toni, ya taswira (picha ambazo maneno huzijenga akilini kupitia hisi) na ya hali ya hisia, lakini wakipewa shairi ambalo hawajawahi kuliona, majibu yao yote hufanana: toni ni ya huzuni au ya furaha, taswira “imetumika vizuri kumvutia msomaji”, na hali ya hisia huandikwa kana kwamba ni jina jingine la toni. Nikiwauliza wameijuaje huzuni hiyo, hunirudisha kwenye tukio: mhusika amefiwa, kwa hiyo toni ni ya huzuni. Naomba mbinu mlizozitumia darasani, hasa kwa vijana wasiopenda kusoma.

Jibu la kwanza

Mwalimu, huyo mhusika aliyefiwa ndiye anayelidhihirisha tatizo. Wanafunzi wanasoma tukio, hawasomi maneno yaliyochaguliwa kulisimulia. Mimi huanza na sentensi moja ubaoni: “Mzee aliingia ndani akafunga mlango.” Chini yake naandika, “Mzee alijitoma ndani akaubamiza mlango,” kisha, “Mzee alijikokota hadi ndani akaurudishia mlango.” Tukio ni lile lile, na hakuna sentensi inayotaja hisia yoyote, ilhali darasa zima litakuambia bila kusita ni wapi pana hasira na ni wapi pana uchovu. Baada ya hapo andika “Jizee liliingia ndani likafunga mlango,” na uulize ni nani sasa mwenye dharau, mzee au msimulizi. Hapo ndipo toni inapoanza kueleweka, kwa sababu mzee hajafanya lolote jipya. Kilichofichuka ni mtazamo wa anayemsimulia.

Jibu la pili

Naafiki, ila zoezi hilo halitatosha kutenganisha toni na hali ya hisia. Toni ni mtazamo wa msimulizi au nafsineni (sauti inayozungumza katika shairi) kuhusu jambo analolizungumzia, na hali ya hisia ni ile inayomtanda msomaji kutokana na matini nzima. Mara nyingi hizi mbili huelekea upande mmoja, na ndiyo maana vijana huzichanganya. Kwa hiyo usiwafundishe tofauti yake kwa matini ambamo zinalingana. Watafutie kejeli. Huu ni mfano niliojitungia: “Mkurugenzi wetu alikuwa na huruma isiyo kifani, kila mfanyakazi aliyeugua alipewa ruhusa ya kupumzika daima, bila kusumbuliwa na mshahara.” Msimulizi anasifu kwa utulivu, toni ni ya kejeli, na msomaji anabaki na uchungu. Mwanafunzi akidai kwamba toni hapa ni ya hasira, mtake aonyeshe neno moja la hasira. Hataliona, na ataanza kujiuliza hasira anayoihisi imetoka wapi.

Jibu la tatu

Kuhusu taswira, nadhani tunawapotosha kwa kuwataka wataje aina peke yake: ya mwono, ya mguso, ya mnuso, basi. Chukua sentensi hii: “Ukuta ulikuwa na ubaridi wa jiwe la kaburi.” Ibadilishe iwe “ubaridi wa maji ya kisima.” Hisi ni ile ile ya mguso, na ubaridi ni ule ule, lakini kaburi limeingiza kifo chumbani, na kisima kimeleta burudiko. Anayeishia kuandika “taswira ya mguso” hajaona tofauti hiyo, na kwa maoni yangu hastahili alama yoyote.

Muulizaji

Nashukuru sana. Swali la nyongeza: je, niwape orodha ya maneno ya kutaja toni? Nahofia wataikariri na kubahatisha.

Jibu la pili

Wape, kwani asiye na neno jingine ataandika “huzuni” hadi siku ya mtihani. Lakini yapange maneno yanayokaribiana pamoja, kwa mfano masikitiko, majuto, upweke na kukata tamaa, na kila mara umtake mwanafunzi aeleze kwa nini amechagua majuto na kuacha upweke. Katika kusahihisha, jina la toni pekee silipi alama. Nalipa jina, maneno yaliyonukuliwa na maelezo ya jinsi maneno hayo yanavyoijenga toni. Kwa utaratibu huo, wanafunzi wawili wanaweza kutoa majibu tofauti na wote wakapata alama.

Jibu la tatu

Jambo moja zaidi. Toni huweza kugeuka katikati ya shairi, na wengi hawalitambui hilo. Kabla hawajaandika jibu, watake waupigie mstari mshororo ambapo mgeuko unaanza, wakifuatilia viunganishi kama “lakini” na “ila”, mabadiliko ya nyakati za vitenzi, au nafsi inayozungumziwa. Wasipofanya hivyo, wataliwekea shairi zima toni ya ubeti wa kwanza.