GPA ya 4.39 inaandikwa 4.3: huu mfumo wa madaraja vyuoni ni uonevu wa kihesabu

Wakuu, kila mtu akikosa daraja la kwanza anaambiwa "ungekaza msuli zaidi". Akaze wapi? Shikeni kalamu.

Vyuo vingi hapa Tanzania A inaanzia 70, pointi 5. B+ ni 60 hadi 69, pointi 4. B inaanzia 50, pointi 3. C inaanzia 40, pointi 2. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi (yaani uzito wake), unajumlisha, unagawa kwa krediti zote: hiyo ndiyo GPA, wastani wako wa pointi. Daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7.

Chukua shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360. Kufika 4.4 unatakiwa pointi 1,584: A kwenye krediti 144, B+ kwenye 216 zilizobaki. Sasa kozi moja tu ya krediti 12 ikupe 69 badala ya 70. Umebaki na 1,572, gawa kwa 360, unapata 4.366. Uhuni unaanzia hapa, maana desimali hazikadiriwi, zinakatwa. Transkripti inasoma 4.3. Hata 4.39 inasoma 4.3! Na 3.79 inakuwa 3.7, wakati matangazo mengi ya kazi za TA (wahadhiri wasaidizi wa ngazi ya kuanzia) yamezoea kudai 3.8.

Haya, sikieni kali yake. Mtu mwenye 70 kavu kila kozi anatoka na 5.0. Mwenzake ana 95 kwenye krediti 132, na 69 kwenye 228. Wastani wake ni 78.5, anatoka na 4.3, daraja la pili. Zile 25 alizozidisha juu ya 70 zimeenda wapi? Hakuna mahali zinapohesabiwa.

Sapu, yaani mtihani wa marudio ukifeli kozi, nayo ina balaa lake: vyuo vingi ukifaulu unapewa C, hata kama umepiga 85. Kozi ya krediti 12 ambayo ingekuwa A imekula pointi 36, yaani 0.1 nzima ya GPA.

Wamarekani na cum laude zao (madaraja yao ya heshima) angalau kati ya A na B+ wameweka A-, pengo ni 0.3 au 0.4. University of Pennsylvania wanaandika mipaka yao kwa desimali mbili: 3.40, 3.60, 3.80. Sisi ukiteleza alama moja unadondoka ghorofa nzima.

Dawa ipo na haihitaji bajeti: 65 iwe 4.5, 69 iwe 4.9, transkripti ibebe desimali mbili.

Mpaka hapo, madogo wa mwaka wa pili, msigawe nguvu sawasawa. Kozi inayonusa 67 ndiyo ya kuipeleka maktaba, hasa ikiwa na krediti nyingi. Yenye 80 iacheni, haiongezi kitu.

Kama kuna mjumbe wa seneti ya chuo humu, atueleze: desimali ya pili inatupwa kwa faida ya nani?