Wakuu, nikitangaza ukeketaji umepungua, nitawalaza wenzangu?

Mwanamara: Habari za jioni wanajukwaa. Kikundi chetu huku Tarime kina sherehe mwezi ujao, nimeandaa bango: mwaka 1996 wanawake 18 katika kila 100 nchini walikuwa wamekeketwa, utafiti wa 2022 ukakuta 8. Mwenzangu hataki litundikwe. Anasema wanaojitolea watarudi kwenye mihogo yao, na wazee wa mila watatuambia kazi imeisha, tuwaache. Mimi naona watu wamechoka kusikia hali mbaya kila mwaka. Sijalala siku tatu.

Kichuguu: Tundika. Mtu apalilie miaka yote hiyo asioneshwe hata gunia moja?

SindanoButu: Hiyo 8 ni ya nchi nzima, Pemba na Kigoma wamo. Mara, Arusha na Manyara ni habari nyingine kabisa.

BabuSirari: 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ilipopita nilikuwa mwalimu. Nikagawa pipi darasani, tumemaliza! Januari naita majina, wasichana wanatembea kama wamekanyaga miiba. Pipi sijagawa tena.

Kichuguu: Mwalimu wa pipi 😂

SindanoButu: Mwanamara, takwimu haimkoseshi mtu usingizi siku tatu. Sherehe ni ya nani?

Mwanamara: Kuna ngariba anakabidhi kisu, tunampa cheti na vitenge. Ni mama mkwe wangu. Sasa majirani wananong'ona kwamba bado anakata, usiku, watoto wachanga. Ushahidi sina. Vitenge vimeshanunuliwa, wageni wamealikwa. Na akisifiwa mbele za watu ataona haya kurudia, au sio?

MamaWawili: Dada yangu, cheti hicho ndicho atakachojificha nyuma yake. Nani atamshuku tena? Nenda dawati la jinsia, polisi.

Mwanamara: Rahisi kuandika. Ndoa yangu utaishika wewe?

MamaWawili: Kumbe ulishaamua. Ulitaka tukupigie makofi.

Mzee_Ukweli: Chai hii, bado sukari tu. Nani asiyejua Tarime msimu ni Desemba ya miaka shufwa? Huu ni 2025.

Mwanamara: Mzee, msimu ni wa mabinti wakubwa, wenye ngoma na wageni. Mchanga haimbiwi, hangoji mwaka shufwa, na hakuna atakayekuja kumhesabu. Wifi yangu kajifungua wa kike, ana wiki mbili. Bibi yake ndiye anayemwogesha.

Mzee_Ukweli: Bado nasema chai. Ila leo mwogesheni wenyewe.