Nahodha ni shemeji yangu na mbio zimeisha. Nibadili kikosi vipi?

Kocha wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Huku mvua haijakata tangu saa nane, mazoezi yamekufa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Nafundisha timu ya mtaa. Tupo pamoja mwaka wa tisa na mgongo wa timu ni uleule: kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji na mshambuliaji, wote wamevuka 34. Beki ndiye nahodha, tena ni kaka wa mke wangu. Msimu uliopita tumefungwa mara nne kwa goli la aina moja: mpira mrefu nyuma ya shemeji, dogo anampita kama vile yeye yuko kituoni Kabwe anasubiri daladala.

Vijana ninao, saba hivi, na wanajua mpira. Ndondo, michuano yetu ya mtaani, imebakiza wiki tano ianze. Kijiweni wananiambia fumua timu yote, jenga upya. Je, niwatoe wazee kwa mkupuo au mmoja mmoja? Na shemeji namwambiaje nisije kuhamishiwa sebuleni?

Chapati Mbili
Shemeji benchi. Uzi ufungwe.

Mnyalu wa Kihesa
Kocha, huyo hapo juu asikupoteze. Kumbuka Taifa Stars na Kenya, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 2019 kule Misri. Tulikuwa tumerudi baada ya miaka 39, mara ya mwisho ni Lagos 1980, maana yake hakuna mchezaji wetu hata mmoja aliyewahi kuionja michuano ile. Msuva akafunga mapema, wakarudisha, Samatta akafunga papo hapo. Tumeongoza mara mbili, tumefungwa 3-2. Kwa macho yangu hatukukosa mpira, tulikosa watu wa kuua mechi: wa kulala chini kidogo, kumsemesha refa, kupeleka mpira kwenye kibendera. Dogo hana hayo. Wazee wabaki.

Banyambala
Ndaga, kocha. Mnyalu kasema kweli ila kaishia njiani. Twende AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024, San Pedro, tunacheza na Zambia. Samatta yupo, Msuva yupo na goli ni lake. Zambia wamebaki kumi tangu kipindi cha kwanza. Dakika ya 88 Patson Daka anasawazisha, 1-1. Sasa huo uzoefu ulikuwa wapi?

Ulikuwa mbele, kwa washambuliaji. Nyoni na Aggrey Morris, mabeki waliofunga siku ile tunaipiga Uganda 3-0 Machi 2019, walikuwa wameshaondoka. Mshambuliaji mwenye miaka kumi ya timu ya taifa hawezi kumwambia beki asimame wapi wakati kona inapigwa. Kwa hiyo usihesabu wazee kwa jumla, hesabu kila mstari. Nyuma yupo nani anayeongea? Katikati? Ukimtoa shemeji, kipa usimguse msimu huo. Ukitaka kumtoa kipa, shemeji abaki. Wakitoka wote wawili pamoja, hao madogo watatazamana mpira ukiwa wavuni.

Na Misri je? Walibeba kombe 2006, 2008 na 2010, halafu 2012, 2013 na 2015 hawakufuzu kabisa. Najua ligi yao ilisimama na nchi ilikuwa motoni, sisemi ni uzee peke yake. Lakini kizazi kile kilizeeka pamoja, kikaondoka pamoja.

Chapati Mbili
Basi malizia hiyo hadithi. Misri walirudi 2017 wakafika fainali, golini El-Hadary ana miaka 44. Nani aliwafunga? Kameruni. Matip na wenzake kadhaa walikataa wito, kocha Hugo Broos akaenda Gabon na watoto ambao wengi hatukuwajua, akarudi na kombe, 2-1. Fumua fumua.

Mnyalu wa Kihesa
Hao watoto walikuwa wanacheza ligi za Ulaya, mkuu. Wa kocha wanacheza baada ya kushusha viazi Mwanjelwa.

Banyambala
Na El-Hadary wa miaka 44 alifika fainali, hilo umeliruka.

Mama Wawili
Mimi mpira siujui sana, najua habari ya kuachwa. Mume wangu alikuwa nahodha wa timu ya kazini. Alijua ameachwa kwa kusoma majina kwenye grupu la WhatsApp, tuko mezani tunakula. Uwanjani hakukanyaga tena miaka miwili, hata kuangalia. Kaka, nenda kwa shemeji yako kabla ya orodha, peke yako, usimtume mtu. Usimpoze kwa maneno ya "utakuwa mshauri wa timu" kama kazi yenyewe haipo. Mwambie ni nani anachukua nafasi yake, umwombe amfundishe. Kama hataki, atakwambia.

Kocha wa Uyole
Nimerudi, wakuu. Jumapili nilikwenda kwake na mkungu wa ndizi, nikaeleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza dogo gani. Nikamtaja. Akasema yule ana mbio ila anaangalia mpira tu, mtu hamwoni. Ni kweli kabisa, mimi sikuwa nimeliona.

Tumekubaliana hivi: mechi mbili za kwanza wanaanza pamoja, yeye anasimama nyuma kidogo anaongea, dogo ndiye anakimbiza. Ya tatu anatoka dakika ya 60, kitambaa anampa kipa. Kipa simgusi mwaka huu, asante Banyambala.

Ila kanitolea sharti. Anasema haondoki yeye wakati mshambuliaji asiyefunga tangu Pasaka yupo, tena yule ni rafiki yangu wa kusoma naye. Hapo sikuwa na jibu. Na mke wangu bado sijamwambia.

Chapati Mbili
Rafiki benchi.