Mada: Barua ya didaktibo dola 10,000, naomba msaada kabla ya Ijumaa

Kijana wa Silver Spring, Jumatatu usiku
Habari zenu wanajumuiya. Hita ya maji ilipasuka kwenye kondo yangu, fleti ninayoimiliki ndani ya jengo la pamoja, nikiwa zamu ya usiku, maji yakashuka hadi kwa mzee wa chini, dari yake yote imelala sakafuni. Leo menejimenti imeniletea barua: nilipe didaktibo ya bima kuu ya jengo, yaani ile sehemu ya hasara ambayo bima hailipi, dola 10,000, na nijibu kufikia Ijumaa. HO-6, bima yangu mwenyewe ya kondo, ninayo. Kampuni yangu ya bima inasema nisubiri adjasta, mkaguzi wao wa hasara. Swali ni moja tu: nijibu sasa au nimsubiri adjasta?

Mama Naima, Laurel
Pole mwanangu. Yangu ya 2019 ilikuwa mashine ya kufulia. Nilidaiwa 5,000, nikalipa kidogo kidogo miezi kumi, Krismasi hatukusafiri. Wewe wamekuonea, sheria inasema mwisho 5,000.

Baba Tumaini
Shikamoo Mama. Sheria ilibadilika Oktoba 2020, Maryland ikapandisha hadi 10,000 kama chanzo kiko ndani kwako. Tusimpotoshe kijana. Aangalie HO-6 yake lile fungu la hasara unayotozwa na HOA, chama cha wenye nyumba. Usipoliongeza, kawaida ni dola 1,000 tu.

Mpemba wa Baltimore
Kondo haina HOA, ina baraza la wamiliki. HOA ni huko kwenu kwenye townhouse, nyumba za safu. Na hata ukilipandisha fungu hilo hadi 50,000, bima nyingi didaktibo ya baraza zinaifungia palepale kwenye 1,000. Mimi nilikuja kulipwa kupitia Fungu A, la jengo, baada ya kubishana wiki sita.

Baba Tumaini
Ahsante kwa somo la msamiati.

Dada Rehema, Columbus
Mimi townhouse yangu ina HO-3, bima ya nyumba nzima, sijawahi kusumbuliwa.

Mpemba wa Baltimore
Dada, HO-3 ni kwa sababu ardhi ni yako. Zipo townhouse zilizosajiliwa kama kondo, hizo ni HO-6. Kinachoamua ni hati, ngazi ya ndani haihusiki. Na usinijibu kwa sheria za Ohio, huyu yuko Maryland.

Mama Naima, Laurel
Mnagombana bure. Wazee waliita vita "kondo", hawakukosea. Kwetu Tanga bati likivuja unaweka ndoo, asubuhi fundi anapanda na kipande cha lami, hakuna barua.

Dada Rehema, Columbus
Hakuna barua, na jengo likianguka hakuna bima. Mmesahau Kariakoo Novemba 2024? Sheria ya maghorofa ya pamoja Tanzania ipo tangu 2008. Nani anaisoma? Halafu tunaambiwa tuwekeze nyumbani na uraia pacha hatupewi.

Baba Tumaini
Uraia pacha ufunguliwe mada yake, tafadhali. Tulishakubaliana.

Kijana wa Silver Spring, Alhamisi
Ahsanteni wote. Adjasta amekuja, kapiga picha, anasema hita ina miaka 17 na kwamba "ataripoti". Sakafu ya mbao niliyoiweka mwenyewe bima kuu haiigusi, wanalipia tu kama jengo lilivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo ile barua nijibu?

Mama Naima, Laurel
Natoka zamu saa tano usiku, nipigie. Yule mzee wa chini ulishampelekea hata chai?