Wauguzi wanahamia serikalini kila ajira zinapotangazwa: niwafunge kwa mkataba? (Tabora)

Katibu wa Hospitali (mleta mada):
Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za kazi. Mimi ni katibu wa hospitali ya kanisa katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Tabora. Kila serikali inapotangaza ajira za kada za afya, wauguzi na matabibu wetu huomba, na wanaopata huondoka, wengine bila kutimiza siku 28 za taarifa ambazo sheria inamtaka anayelipwa kwa mwezi azitoe. Safari hii ameondoka mkunga tuliyemsomesha wenyewe. Bodi imeniagiza niandae mkataba utakaomtaka kila anayekwenda masomoni atumikie hospitali miaka 5 au arejeshe gharama zote. Mshahara wa serikali hatuufikii, kwa kuwa tunategemea ada za wagonjwa na malipo ya bima, ambayo yakichelewa nasi tunachelewa kulipa. Je, mkataba huo utawabakiza?

Mkunga wa Nzega:
Kaka katibu, nami nilitoka hospitali ya kanisa nikahamia halmashauri, na tofauti ya mshahara haikuwa sababu ya kwanza. Kilichoniondoa ni kugundua kwamba michango yangu ya NSSF ilikatwa kila mwezi kwenye hati ya mshahara, ilhali mfuko ulikuwa haujaipokea kwa muda mrefu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za usiku ziongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi, lakini sisi tulipouliza tulijibiwa kwamba tunamtumikia Mungu. (Mungu hatukuwa na ugomvi naye, ugomvi ulikuwa na mhasibu.) Kabla ya kuandika mkataba, kagua kwanza madeni yenu kwa watumishi waliopo, kisha waambie ukweli kuhusu lini yatalipwa, maana kuchelewa kunakoelezwa mapema huvumilika kuliko ukimya.

Tabibu Kibondo:
Huku Kigoma tulipambana na mvutano mwingine. Wakimbizi wa Burundi walipofurika kambi za Nyarugusu na Nduta kuanzia mwaka 2015, mashirika ya misaada yaliajiri wenzetu kwa mishahara ambayo kituo cha afya cha kijijini hakiwezi kuikaribia, ila kwa mikataba mifupi inayokwisha pamoja na ufadhili. Baadhi yao walirudi kuomba kazi, na mganga mfawidhi wetu aliwapokea bila masimango. Hao ndio hadi leo hawana haraka ya kuondoka. Anayeaga vizuri, muage vizuri.

Matroni Mstaafu, Sikonge:
Wanangu, mimi siupingi mkataba moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 kuhusu kubakiza watumishi vijijini, liliukubali ufadhili wa masomo wenye sharti la kutumikia, lakini kwa utumishi wa lazima lilitaka uambatane na msaada na motisha. Lilishauri pia vyuo vipokee vijana waliokulia vijijini, kwa kuwa hao hurudi kwa urahisi zaidi. Katibu, badala ya kumsomesha mgeni ambaye mwenzi wake na watoto wako Mwanza, msomeshe binti wa kata yenu. Halafu tazameni nyumba: muuguzi anayemaliza zamu ya jioni na kutembea gizani hadi chumba cha kupanga kisicho na maji hawezi kuwaza kukaa miaka 5. Tena miaka 5 kwa kozi ya mwaka mmoja ni adhabu. Pangeni muda kulingana na urefu wa masomo.

Katibu wa Hospitali:
Asante mama, na asanteni nyote. Nitaiomba bodi iahirishe mkataba hadi michango ya NSSF ilipwe yote, ingawa mwenyekiti hatafurahi. Linalonisumbua bado ni nafasi za masomo: huwa tunateua kimyakimya, na manung'uniko hayaishi.

Mkunga wa Nzega:
Bandikeni vigezo ubaoni kabla ya kupokea maombi, mwakilishi wa wauguzi awepo kwenye kikao cha uteuzi, kisha aliyekosa aandikiwe sababu na aelezwe lini ataomba tena. Mimi niliomba mara kadhaa na sikuwahi kujibiwa hata kwa mdomo.