Jiko la kale la kuni: ni bomba gani la moshi linalofaa?

Mkazi wa Uwemba aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimerithi kwa baba mkwe jiko la kuni la chuma cha kusubu, lenye tanuri ubavuni na neno DOVER lililochomoza kwenye mlango wake. Nataka kulifunga jikoni kwetu Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai haihitaji maelezo, ili litupikie na kutupasha joto. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, yenye dari ya mbao na paa la bati. Tundu la moshi nyuma ya jiko lina kipenyo cha inchi 5. Fundi niliyemwita anapendekeza bomba la bati la zinki la inchi 4, la aina ile ile inayoshushia maji ya mvua, litoboe ukuta nyuma ya jiko kisha lipande kwa nje, kwa hoja kwamba paa halitaguswa na gharama itakuwa nafuu. Naomba ushauri kabla sijampa malipo ya awali.

Fundi Chuma alijibu:

Ndugu yangu, malipo hayo yashike kwanza. Bati la zinki halifai kwa moshi wa kuni. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, huanza kubanduka mapema zaidi, na ikizidi kupata moto hutoa mvuke unaodhuru kifua. Tafuta bati jeusi lisilopakwa zinki, la geji 24 (unene wa karibu milimita 0.6) au nene kuliko hapo.

Kuhusu kipenyo, bomba halipaswi kuwa jembamba kuliko tundu la jiko. Ukibana inchi 5 kuwa 4, umepoteza zaidi ya theluthi moja ya njia ya moshi, na moshi uliokosa njia utarudi kwa mpishi. Isitoshe, Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mvuto wa dohani hupungua, kwa hiyo mimi ningeongeza kimo cha bomba.

Kuna na suala la kupandisha bomba kwa nje. Moshi ukipoa kabla ya kutoka, mvuke wake hugandamana ndani ya bomba kuwa lami nyeusi, na lami hiyo ikishika moto joto huweza kupita nyuzi 1,000. Lipandishe wima ndani ya nyumba, bila kona zisizo za lazima. Bomba la tabaka moja likae angalau milimita 450 kutoka kwenye mbao yoyote, na lisipite darini kamwe; kuanzia hapo hadi nje tumia la stenlesi la tabaka mbili lenye sufi ya mawe ya kuzuia joto katikati. Katika kila kiungo, ncha nyembamba itazame chini, ili lami ikichuruzika irudi motoni badala ya kudondokea sakafuni, kisha kaza kwa skrubu tatu.

Mama Limuru alijibu:

Namuunga mkono Fundi, ila hofu ya paa kuvuja isipuuzwe, maana ndiyo inayowafanya mafundi wengi wakimbilie ukutani. Toboa karibu na mgongo wa paa kadiri nafasi ya jiko inavyoruhusu. Bati la kukinga maji liingie chini ya bati la juu na kulalia lile la chini. Silikoni peke yake haimalizi masika mawili. Juu ya paa, bomba lichomoze angalau sentimita 90, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3.

Kuni za miwati, ambazo huko kwenu hazikosekani, ni nzuri sana, lakini zipasuliwe na kukauka vizuri. Kuni mbichi zitaziba hata bomba la gharama kubwa.

Mkazi wa Uwemba aliandika:

Nawashukuru sana. Je, nitajuaje kama jiko lenyewe bado ni zima? Mlango una ukamba mweupe uliochakaa.

Fundi Chuma alijibu:

Usiku, zima taa, weka tochi yenye mwanga mkali ndani ya jiko na ulizunguke. Popote mwanga unapopenya pana ufa au kiungo kilichoachia. Viungo huzibwa kwa saruji ya tanuri, lakini ufa wa kuta za chumba cha moto unahitaji mtaalamu wa kuchomelea chuma cha kusubu, ambaye si kila mchomeleaji. Ukamba huo usiukwangue ukiwa mkavu, kwa sababu majiko ya zamani yalitumia asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Muulize mtaalamu namna ya kuuondoa, kisha uweke wa nyuzi za kioo. Moto wa mara chache za kwanza uwe mdogo, dirisha likiwa wazi.

Ukishapima kimo kutoka tundu la jiko hadi mgongo wa paa, kiandike hapa nikukadirie vipande.